Victorine wa Kibombo Ni Nani Kwako?

Josiane Tshimpaka alikuwa amemwahidi padri kwamba hatatukana mashine tena, na ahadi hiyo ilidumu mpaka alipowasha kompyuta. Jana jioni programu yake ilikuwa imejibu maswali ya majaribio vizuri kabisa. Leo asubuhi imegoma. Na haikuwa mara ya kwanza, maana juzi pia ilikubali jioni ikagoma asubuhi, kwa maneno yale yale, bila haya hata kidogo.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Nyuma ya parokia, mjini Kindu, kilikuwepo chama kidogo cha watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita, na Josiane alikuwa fundi wake wa kompyuta. Shirika moja la mbali lilikuwa limekusanya majina ya waliopotea na ya wanaowatafuta, kutoka kila pembe ya nchi, likayaweka yote katika mitambo yake. Vyama vidogo vilipewa ufunguo wa siri ili kompyuta zao ziulize zenyewe moja kwa moja. Mlango huo wa kuulizia mafundi huuita API, na mtu asiziogope herufi hizo: ni dirisha kama la posta. Unapeleka swali lako kwa utaratibu uliowekwa, unarudishiwa jibu. Ukikosea utaratibu, unarudishiwa nambari ya kosa na maneno machache ya dharau.

Nambari ya asubuhi ile ilikuwa 401. Kwa lugha ya watu, hiyo ni kusema: sikujui, ondoka dirishani.

"Hunijui vipi?" Josiane aliifokea skrini. "Jana tulizungumza!"

Alikagua ufunguo, herufi kwa herufi. Ulikuwa mzima. Akakagua programu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, hakuona kosa. Akachomoa waya wa mtandao, akaupuliza, akaurudisha, maana hata mwenye diploma hupuliza waya anapoishiwa na akili. Mwishowe akampigia simu Franck, aliyesoma naye Goma, fundi hodari mwenye ugonjwa mmoja tu: hawezi kusema "sijui."

"Njo server yao," Franck alisema, yaani mitambo ya shirika ndiyo yenye kosa. "Iko na mapepo. Waandikie."

"Jioni inakubali, Franck. Asubuhi inakataa. Mapepo gani yanafuata saa ya kazi?"

Franck alifikiri kidogo, kisha akasema labda ni joto.

Kama lingekuwa swali la mtu baki, Josiane angesubiri. Lakini jina la kwanza katika programu ile lilikuwa limeletwa na baba yake, Papa Godefroid, mzee wa reli aliyestaafu, mtu asiyeomba kitu hata kwa watoto wake. Alikuja siku moja na kofia mkononi, akasimama mbele ya meza ya binti yake kama raia mbele ya mkuu wa wilaya.

"Nitafutie Victorine Feza. Wa Kibombo," alisema. "Ukimupata, sawa. Ukimukosa, sawa."

Haikuwa sawa hata kidogo. Tangu siku ile mzee alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi, yeye ambaye zamani alinyoa kwa Pasaka na Noeli.

Na Josiane mwenyewe alimtaka Victorine. Alimkumbuka, ingawa hakuwahi kumwona. Alikumbuka sauti tu. Mama yake alifariki vita vilipoanza, kwa homa ambayo dawa yake ilikuwa imebaki upande wa pili wa mapigano. Waasi wakautwaa mji, treni zikasimama, na kitu pekee kilichoendelea kusafiri juu ya ile reli kilikuwa maneno. Papa Godefroid alikuwa mtu wa phonie, ile redio ya kuitana kati ya stesheni na stesheni, iliyokula betri ya gari na kukoroma usiku na mchana. Alikuwa hana wa kumwachia mtoto, basi alimketisha chini ya meza. Huko chini Josiane alisikia kila siku sauti ya mwanamke kutoka Kibombo, kali na yenye kicheko ndani yake, ikiuliza habari za mabehewa, kisha habari za mchele, kisha ikimuuliza baba yake kama mtoto ameoga. Miaka miwili sauti ile ilimwamuru kuoga. Halafu siku moja phonie ikaondoka na sauti ikaondoka nayo, na Josiane alilia kuliko alivyolia kwenye msiba wa mama yake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo alitaka ule mlango ufunguke. Akaamua kulishika tatizo kwa mkia. Siku iliyofuata aliamka kabla ya jua, akapita njia ya nyuma ya parokia, akachungulia dirishani kuona mashine hufanyiwa nini kabla yeye hajafika.

Papa Godefroid alikuwa ndani tayari. Hakuna aliyempa kazi ya kufungua ofisi, alijipa mwenyewe. Alifagia. Akapangusa skrini kwa leso. Akawasha kompyuta "ipate joto," kama alivyozoea kusema. Kisha akavaa miwani, akaitazama saa ya mkononi, akaitazama saa iliyo pembeni mwa skrini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kwa kidole kimoja, taratibu, akairudisha nyuma saa ya kompyuta kwa saa nzima.

Josiane aliingia kwa kishindo.

"Papa! Unafanya nini na saa ya mashini?"

"Naitengeneza," mzee alijibu bila kushtuka. "Kila asubuhi naikuta iko mbele. Mashini yako iko na haraka sana."

"Iko mbele ya nani?"

"Mbele ya saa yangu."

"Na saa yako inafuata wapi?"

"Kinshasa."

"Papa, tuko Kindu!"

"Najua tuko Kindu. Nilikuzaa hapa."

Basi siri ikatoka. Kila swali linalopita kwenye ule mlango hugongwa muhuri wa saa ya kompyuta iliyolituma, ili mwizi asiokote swali la jana akalitumia leo. Muhuri ukichelewa sana, mlango unakataa. Kindu na Kinshasa hazina saa moja: jua huanza kwetu, wao hulipata baadaye. Mchana Josiane alipoona saa imekosewa aliirekebisha bila kufikiri, akidhani betri imechoka, na programu ikakubali. Alfajiri baba yake aliivunja tena, kwa upendo na kwa leso safi.

"Lakini kwa nini Kinshasa, Papa? Ndugu huna kule, pensheni yako haitoki kule."

Mzee alivua miwani, akaanza kueleza, na Josiane alilazimika kuketi.

Wakati wa vita, askari mmoja wa waasi aliwekwa kuisikiliza phonie, mtu asitoe siri za kijeshi. Mtu huyo alipenda chai kuliko vita. Papa Godefroid na Victorine wakabuni ujanja wao. Mmoja akitangaza "tuitane saa fulani," askari alihesabu saa ya Kindu, akaja, akasikia habari za magunia na mataruma, akachoka, akaenda kunywa chai. Wao walikuwa wamekubaliana kwamba saa iliyotajwa ni ya Kinshasa. Ilipofika, saa nzima baadaye, kiti cha askari kilikuwa kitupu, na hapo ndipo walipozungumza mambo ya watu.

"Nikabadilisha saa yangu nisikose," alisema. "Vita viliisha. Saa ilibaki."

Josiane alivuta kibodi. Walipatana: saa ya mkononi ibaki Kinshasa, ya kompyuta ihamie Kindu na isiguswe na mtu yeyote, hasa mwenye leso. Akaisahihisha, akatuma swali la majaribio. Mlango ukamjua. Akatoka kwenda kununua mandazi kwa Mamy, aliyeuza pale nje ya lango, kwa sababu ushindi bila mandazi ni nusu ya ushindi.

Hapo alikosea. Alikuwa amemwonyesha baba yake kitufe cha kutuma swali.

Katika phonie hakuna muungwana anayeita mara moja. Kuita mara moja ni kama kupita mlangoni kwa mtu bila kubisha hodi. Unaita "Kibombo, Kibombo, Kibombo, Kindu anaita," unangoja kidogo, unaita tena, na usipojibiwa unaongeza sauti. Papa Godefroid aliandika jina la Victorine, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Basi akaweka kidole pale akakiacha, kama mtu anayepiga kengele ya mlango wa kiziwi, huku akiisemesha skrini: "Allô, allô, allô!"

Josiane aliporudi na mandazi alikuta skrini imejaa 429 kutoka juu hadi chini.

"Inasema nini?" baba yake aliuliza.

"Inasema unagonga sana. Imetufungia mpaka mchana."

"Hawa watu hawakufundishwa," Papa Godefroid alisema, na aliumia kweli. "Muntu anakuita mara nyingi, njo anakuheshimu."

Mamy, aliyeingia kudai sahani yake, aliuliza ni nani anayetafutwa kwa nguvu hivyo. Hakujibiwa, naye hakuondoka. Mamy akinusa habari huwa haondoki, alivuta kiti. Mwanamke aliyekuja kuuliza habari za mtoto wa dada yake akamwona Mamy ameketi, naye akaketi. Mchana ulipofika, ofisi ilikuwa na watu kama kliniki siku ya chanjo.

Josiane alituma swali mara moja tu, kwa adabu za kizungu. Mlango ukamjua, haukumfokea. Ukamrudishia 422, nambari ambayo alikuwa hajaikuta bado, na chini yake maneno haya: *uhusiano haukujazwa.*

"Wanataka kujua Victorine ni nani kwako," alimwambia baba yake.

"Andika collègue."

Akaandika mfanyakazi mwenzake. Ikarudi ileile: huduma hii ni ya jamaa tu.

"Andika ndugu," Mamy alishauri. "Hapa Kindu nani si ndugu?"

"Siandiki uongo kwenye kazi ya serikali," Papa Godefroid alisema.

"Papa, hii si serikali."

"Iko na nambari na inakataa watu. Njo serikali."

Josiane aliisoma orodha ya majibu yanayokubaliwa: mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mjomba, shangazi. Kila neno mzee alitikisa kichwa. Alifika kwenye *mchumba*, akalipita haraka, maana ni neno gumu kumsomea baba. Lakini safari hii kichwa cha mzee hakikutikisika. Alikuwa anaitazama kofia yake.

"Rudia hilo la mwisho," alisema.

Watu walisogeza viti karibu. Hata mtoto aliyekuwa akilia mgongoni mwa mama yake aliona kuna jambo.

"Mchumba?" Josiane aliuliza. "Tangu lini, Papa?"

"Tangu siku walibeba phonie." Alizungumza polepole, akiiambia kofia. "Askari alienda kunywa chai. Nikamwambia Victorine: mimi niko mujane, niko na mutoto mumoja, hapendi kuoga, lakini ni mutoto muzuri. Unikubali nikuoe. Nikasema *à vous*, yaani zamu yako, nikaachia kitufe, nikangojea. Njo hapo alirudi na wenzake, sukari iliwaishia. Walikuwa na amri ya kubeba mashini. Walikata waya mbele ya macho yangu."

"Na yeye alijibu nini?"

"Sijue."

"Miaka yote hii hujui?"

"Sijue, mama."

"Lakini vita viliisha! Treni zilirudi! Kwa nini hukwenda kumwuliza?"

Papa Godefroid aliigeuza kofia mikononi. "Niliuliza wenye treni ya kwanza. Walisema stesheni iliungua, watu walikimbia, wengine mji wa Kama kwenye zahabu, wengine Punia. Ningeweza kufuata. Lakini nikamupata na aseme hapana? Kama siulize, bado hajakataa." Akainua macho. "Niliogopa."

Josiane alikuwa amemwona baba yake akisimama mbele ya bunduki kwa ajili ya betri ya reli. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake, na lilimchoma moyoni. Aligeukia kompyuta ili watu wasimwone machozi, akaandika *mchumba*, akabonyeza mara moja.

Safari hii haikurudi nambari ya kosa. Lilirudi jibu, tena refu. Josiane alilisoma kimya, akalisoma tena.

"Soma basi!" Mamy alipiga kelele. "Mandazi yanaungua kule nje!"

Josiane akasoma kwa sauti. Victorine Feza, mkazi wa Kibombo, yupo hai. Jina lake limo katika mitambo tangu mwaka jana, si miongoni mwa waliopotea bali miongoni mwa wanaotafuta. Anamtafuta Godefroid Tshimpaka, mtu wa phonie, Kindu. Uhusiano: *mume wangu.*

Ukelele uliopigwa pale uliwatoa mapadri kwenye chakula. Papa Godefroid peke yake hakupiga kelele. Aliketi, ingawa nyuma yake hapakuwa na kiti, na ni Mamy aliyemdaka.

"Mume?" alisema kutoka mikononi mwa Mamy. "Lini nilimuoa?"

Jibu lilikuwa njiani. Mitambo ile, kila inapokutanisha majina mawili, hutuma ujumbe pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kabla mzee hajasimama vizuri, simu ya chama ililia juu ya meza. Josiane akaipokea, akafungua sauti isikike kwa wote.

"Allô! Kindu?" Ilikuwa sauti ileile, kali, na imezeeka kidogo tu. Josiane alitamani kuingia chini ya meza. "Tshimpaka iko hapo?"

"Njo mimi," alisema Papa Godefroid.

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Uko muzima, na ulinyamaza hii myaka yote?"

"Victorine, walibeba phonie. Nilisema *à vous*, wakabeba. Sikusikia jibu."

Upande wa pili kilisikika kiti kikisukumwa. Kisha sauti ikapanda, na watu waliokuwa karibu na simu walirudi nyuma.

"Hukusikia? Wewe peke yako hukusikia! Nilijibu palepale. Stesheni ya Samba walisikia. Kongolo walisikia. Maaskari wa huku walisikia, wakapiga makofi! Nilisema ndiyo, Tshimpaka, nilisema mara tatu kama inavyotakiwa! Kaka zangu wakasema basi, ameshaolewa, tunangojea mbuzi. Kibombo muzima wananiita bibi ya Kindu. Mwanaume akija kuniomba, watu wanamurudisha njiani: huyu ana bwana, atakuya na treni. Treni inafika, bwana haiko! Nilienda Kama kupikia wachimbaji zahabu, nikafikiri kule hawanijue. Muchimbaji wa kwanza kuniona akasema: Aa, bibi ya phonie!"

Ofisi nzima ilikuwa inacheka na kujifuta macho. Yule mwanamke aliyekuja kwa ajili ya mtoto wa dada yake alikuwa ameshika mkono wa Mamy kana kwamba wamezaliwa pamoja. Papa Godefroid alisimama wima mbele ya simu, kofia kifuani, akipokea kila neno kama askari anayepokea adhabu anayoistahili.

"Nilifikiri ulikataa," alisema.

"Na hukukuya kuuliza."

"Sikukuya. Nihurumie."

"Hm." Simu ilikoroma. "Sasa leo unatafuta nini?"

Watu wakaacha kucheka. Josiane alipiga hatua kuelekea kwa baba yake. Alitaka kumsaidia, amsemee, amwandikie. Kisha akaelewa kwamba hakuna fundi wa kutengeneza hapo. Akainamisha kichwa akaomba Mungu amtie mzee nguvu.

"Victorine," Papa Godefroid alisema, mara moja tu, bila kupaza sauti. "Mimi ni muzee sasa. Meno yanapungua. Mutoto amekuwa mukubwa, anaoga mwenyewe. Bado nakuomba."

Hakuna aliyebonyeza kitu. Simu ilikuwa hewani. Pumzi ya mwanamke ilisikika.

"Jibu nilikwisha kutoa," Victorine alisema mwishowe, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Na sauti yako niko nayo tangu zamani, imenitosha. Leta muntu."

Josiane alifunika uso kwa mikono akalia pia, bila kujificha. Alipoinua kichwa kumtafuta baba yake, hakumwona mezani. Alikuwa ameshafika nje langoni, bila kofia, akimsimamisha kila mwenye pikipiki na kumwuliza kama ana mafuta ya kufika Kibombo.